Gololi ya Pili Haikuacha Alama

Shule ile ilijengwa na wazazi wenyewe kwa fedha za kahawa, enzi kahawa ilipokuwa bado na fedha. Ilikuwa mteremkoni juu ya Himo, pale migomba inapoanza kunenepa na ukungu kushuka kabla jua halijazama. Mwalimu Eliaichi alifika hapo mwaka 1988, ndiyo kwanza ameolewa na Jesse, kijana wa Marangu aliyekuwa akibeba mizigo ya watalii mlimani. Kati ya walimu wote ni yeye peke yake aliyesomea fizikia. Wengine walikuja, wakakaa muhula mmoja au miwili, wakateremka Moshi kufungua duka au kufundisha tuisheni. Yeye akabaki. Watu walisema anaipenda shule. Kusema kweli hakuwa na pa kwenda; mshahara uliishia kwenye sukari na mafuta ya taa, na mama mkwe alikuwa kitandani. Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichomwamsha asubuhi bila kinyongo, nacho ni jaribio la gololi.

Alilifanya mara ya kwanza akiwa chuo cha ualimu, likamwingia. Unachukua reli ya pazia, unaikunja ili iteremke kisha inyooke, unaifunga ukingoni mwa meza. Unaiachia gololi ya chuma kutoka juu. Inateremka, inaruka ukingoni, inaanguka sakafuni. Sakafuni umetandika karatasi nyeupe, na juu yake karatasi ya kaboni, hivyo gololi ikitua inaacha nukta. Kisha unaweka gololi ya kioo pale mwisho wa reli, unaiachia ile ya chuma tena kutoka palepale. Zinagongana, zinaanguka zote mbili, kila moja inaacha nukta yake. Kwa kuwa zimeanguka kutoka kimo kimoja, iliyotua mbali zaidi ndiyo iliyokuwa na kasi zaidi, kwa hiyo saa haihitajiki, rula inatosha. Unapima umbali, unazidisha kwa uzito wa gololi yenyewe, unajumlisha. Unakuta kilichopungua kwa ile ya chuma kimekwenda kwa ile ya kioo. Vitabu vinakiita momentamu, na vinasema hakipotei.

Vifaa alivitafuta mwenyewe. Gololi za chuma alizichomoa kwenye beringi zilizokufa, kwa fundi wa magari Himo. Za kioo alinunua sokoni, zilezile watoto wanazochezea barabarani. Karatasi za kaboni aliombaomba kwa wapiga chapa, wakimpa zilizotumika. Na chumba kilichoitwa maabara hakikuwa na gesi wala bomba la maji, ila kilikuwa na sakafu ya saruji laini, ngumu, iliyosuguliwa hadi inang'aa. Kwa jaribio la gololi, hiyo ilitosha.

Kila mwaka kidato cha tatu kilipofika kwenye somo hilo, aliwaacha wafanye wenyewe. Na kila mwaka hesabu zao zilikuwa karibu sawa, si sawasawa. Kuna kitu kidogo kilipungua. Reli ilikwaruza, meza ilitikisika, gololi iligongwa upande. Hapo ndipo wanafunzi walipoanza kutazama kitabu pembeni na kurekebisha namba.

"Madamu, kitabu kinasema ziwe sawa."

"Kitabu hakikuwapo hapa leo," alikuwa akiwajibu. "Wewe ulikuwapo. Andika ulichokiona."

Alilisema hilo mara nyingi hata wakawa wanamwigiza akigeuka: andika ulichokiona. Alisikia, hakukasirika. Alidhani ni jambo jema kuigizwa kwalo.

Katikati ya miaka ya tisini bei ya kahawa iliporomoka, na shule ikaporomoka nayo. Wazazi waling'oa mibuni kwenye vihamba vyao, mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, wakapanda nyanya na maharage. Ada zikaja nusu, kisha zikaja na maneno tu. Mkuu wa shule mpya, Hosea, alikuwa mtu wa kazi, si mbaya, ila alikuwa na hofu moja iliyomla: shule ikiendelea kufelisha, wazazi watahamisha watoto na milango itafungwa. Mwanzoni mwa mwaka 1997 alimwita Eliaichi ofisini.

"Mwalimu, kidato cha nne mwaka huu tuwasajili kwenye ile karatasi ya maandishi. Badala ya praktiko, wanaelezea jaribio kwa kalamu. Shule zisizo na maabara zinaruhusiwa."

"Sisi tuna maabara, Mkuu."

"Tuna chumba."

"Chumba na vifaa. Hawa watoto wamefanya majaribio tangu kidato cha pili. Uwaambie leo waelezee kwa kalamu kitu ambacho wanaweza kukifanya kwa mikono? Wale wenzao wanakariri, Mkuu. Hawajawahi kushika hata sumaku."

"Na wanafaulu," alisema Hosea.

Wakabishana hadi chai ikapoa. Eliaichi alisema kuwa huko kidato cha tano cha sayansi watoto waliokariri wanaaibika siku ya kwanza. Akasema anaweka jina lake rehani. Alipoona bado Hosea anasitasita, akasema neno ambalo baadaye alilikumbuka mara nyingi kuliko alivyotaka: "Wakifeli, nilaumu mimi."

"Haya," alisema Hosea, akachukua kalamu.

Mmoja wa wale watoto alikuwa Mektrida, binti wa Filemon, mkulima Mkatoliki wa kule juu karibu na msitu. Alikuwa mrefu, mkimya, na mikono yake ilikuwa mitulivu. Wenzake waliiachia gololi mara tatu wakaridhika. Yeye aliirudia hadi nukta zilipokaa pamoja kama mbegu kwenye tunda. Alitaka kusomea uhandisi wa maji. Mfongo uliopita kihambani kwao, mfereji uliochimbwa na mababu wa babu yake, ulikuwa ukikauka kila kiangazi, na baba yake alisema ni Mungu. Mektrida alidhani ni mteremko na uvujaji. "Nikijua hesabu yake nitakuambia, Madamu," alisema siku moja, akacheka kwa aibu.

Wiki chache kabla ya mtihani yalikuja maelekezo ya vifaa vya kuandaa. Eliaichi alifungua bahasha mbele ya Hosea, akasoma, akakaa. Reli. Gololi ya chuma. Gololi ya kioo. Karatasi ya kaboni. Timazi. Hakutakiwa kumwambia mwanafunzi yeyote, naye hakumwambia, lakini alitoka mle ofisini akitembea kama msichana. Jioni alipika machalari ya ndizi na nyama, akamwimbia mama mkwe wimbo wa kanisani, na Jesse akamuuliza amepata nini.

"Hakuna," alisema. "Mambo yanakaa vizuri tu."

Mwaka huo ndio zilikuja mvua za El Nino. Zilianza kama vuli ya kawaida, kisha zikasahau kuacha. Barabara ya kwenda shuleni ikawa mto wa tope jekundu, migomba ikalala, na siku moja upepo uling'oa mabati ya maabara ukayatupa kwenye kahawa ya jirani. Maji yalijaa juu ya ile sakafu laini. Hosea hakuwa na fedha ya mabati. Akaamua mtihani ufanyike bwaloni, mahali wanafunzi walipokula makande.

"Bwalo lina sakafu ya udongo, Mkuu," alisema Eliaichi. "Kaboni haitashika. Inataka chini pawe pagumu."

"Nitakupa kitu cha kutandika."

Alimletea silingibodi zilizokuwa zimenunuliwa kwa ajili ya dari ya ofisi. Zilikuwa zimekaa stoo tangu mvua zianze, zimevimba, na ukizibonyeza kwa kidole zinaingia kama mkate. Eliaichi alitafuta mbao kwa seremala, lakini mbao zote zilikuwa zimechukuliwa kuezekea upya nyumba zilizoezuliwa na upepo. Alijaribu silingibodi mara kadhaa. Gololi ya chuma ilikuwa nzito, iliacha alama hafifu lakini ilionekana. Ya kioo mara iliacha, mara haikuacha. Alisugua bodi kwa kitambaa kikavu, akaziweka jikoni karibu na moto zikauke, akaomba.

Siku ya mtihani iliamka na mvua. Karatasi nyeupe zenyewe zilikuwa zimenywa unyevu, zilikuwa laini kama vitambaa. Msimamizi alikuwa mwalimu mgeni kutoka shule nyingine, mtu mwenye haraka, aliyekuja na viatu vimejaa tope. Alimruhusu Eliaichi kupanga vifaa, kisha akamwambia asimame mlangoni, asiseme na mtahiniwa yeyote isipokuwa kifaa kikiharibika na yeye mwenyewe amwite.

Wanafunzi waliingia. Waliposoma swali Eliaichi alisikia mguno wa furaha ukipita bwaloni kama upepo kwenye migomba. Walilijua. Walilijua lote. Walining'iniza timazi, wakafunga reli, wakaachia gololi. Ya chuma ikaanguka, wakafunua kaboni, nukta ipo, dhaifu lakini ipo. Nyuso zao zilikuwa za watu waliokuta mlango wa nyumba yao umefunguliwa kuwakaribisha.

Kisha wakaweka gololi ya kioo.

Eliaichi aliona kutoka mlangoni. Waliachia, wakainama, wakafunua kaboni. Wakarudishia. Wakaachia tena. Julius, kijana mchangamfu aliyekaa meza ya mbele, alifunua kaboni, akatazama karatasi tupu, akatazama juu kidogo, akaanza kuandika. Alikuwa anajua kanuni. Ukijua mwendo wa mwanzo na uliobaki kwa gololi ya chuma, unaweza kukokotoa mahali ya kioo ilipotua bila kuiona ikitua. Na wengine wawili watatu walimtazama Julius, nao wakainamia kalamu.

Mektrida aliinua mkono.

"Gololi ya pili haiachi alama," alimwambia msimamizi.

Msimamizi akamwita Eliaichi. "Badilisha kaboni. Usimwelekeze."

Eliaichi alipiga magoti pale chini na karatasi ya kaboni ya mwisho aliyokuwa nayo, iliyo mpya kabisa, aliyoitunza ndani ya Biblia isipate maji. Akaitandika. Mektrida akaweka gololi ya kioo mwisho wa reli, akaiachia ya chuma kwa ile mikono yake mitulivu. Zikagongana, sauti safi kabisa. Zikaanguka. Eliaichi aliifunua kaboni mwenyewe. Alama ya chuma ilikuwapo. Ya kioo, hakuna. Kulikuwa na kibonyeo kidogo kama cha kidole cha mtoto, nacho kilifutika wakikitazama, bodi ilivyojirudi.

Mektrida alimtazama. Alimtazama tu, kama mtu aliyefika njia panda na kumwona mwenyeji.

"Endelea," alisema Eliaichi. "Endelea tu."

Msimamizi akakohoa. Eliaichi akarudi mlangoni.

Aliona Mektrida akirudia. Alirudia hadi muda ulipokaribia kwisha, akilala karibu na sakafu ajaribu kuona kwa macho gololi inatua wapi, lakini ilidunda haraka na mwanga ulikuwa mdogo. Mwishoni alikaa, akaandika. Eliaichi hakuhitaji kusoma ili ajue ameandika nini.

Matokeo yalikuja mwaka uliofuata yakabandikwa ukutani. Julius alifaulu fizikia, akachaguliwa kidato cha tano. Wawili watatu waliomtazama nao walifaulu. Wengine wote walianguka kwenye praktiko, na Mektrida alipata F. Masomo mengine alifanya vizuri, lakini bila fizikia hakuna mchepuo wa sayansi uliomtaka, na shule ya kulipia Filemon asingeiweza hata kama angeuza ng'ombe wote wawili.

Eliaichi alifunga safari hadi ofisi ya mitihani mjini. Aliwaambia habari za mvua, bwalo na silingibodi. Mtu aliyempokea alimsikiliza kwa adabu, kisha akamweleza kwamba hitilafu ya vifaa huripotiwa na msimamizi siku ileile, na msimamizi aliripoti kuwa kila kitu kilikwenda salama. "Na wapo waliofaulu chumba hichohicho, Mwalimu," alisema. "Kwa hiyo vifaa vilifanya kazi." Eliaichi alifungua mdomo ajibu, akaona kwamba ili amtetee Mektrida itabidi amshitaki Julius. Akaaga. Akapanda gari la kurudi.

Filemon alimfuata nyumbani Jumapili moja baada ya misa, amevaa koti lake la kanisani. Alikuja na mkungu wa ndizi, kama mtu aliyekuja kushukuru.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mwalimu. Sikuja kulaumu. Mimi sikusoma, nataka kuelewa tu." Aliweka kofia gotini. "Mtoto anasema gololi haikuacha alama. Sasa kosa ni la gololi, au la mtoto?"

"Si la mtoto, baba. Mtoto hakukosea."

"Aliandika kweli?"

"Aliandika kweli."

Filemon alitikisa kichwa polepole, akayageuza maneno yale kama mtu anayepima mbegu mkononi. "Basi mbona aliyefeli ni yeye?"

Eliaichi alitazama mkungu wa ndizi. Jesse, aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni akinoa panga, ndiye aliyemkaribisha mzee kinywaji. Walizungumza habari za mvua hadi alipoaga.

"Ungewaambia waandike namba yoyote," alisema Jesse baada ya mzee kuondoka. "Mimi huko juu mtalii akichoka na kuniuliza kama tumekaribia, namwambia tumekaribia. Anafika. Angejua ukweli angelala palepale."

"Sikuweza kuwaambia."

"Najua hukuweza." Alijaribu makali ya panga kwa kidole gumba. "Nasema tu."

Kilichomuumiza Eliaichi zaidi kilimjia siku nyingine kabisa, akiwa jikoni anazoa majivu mafigani. Alimwaga jivu kwenye karai, punje ya mahindi ikadondoka juu yake, ikaacha shimo safi, la duara, ambalo halikufutika. Alisimama na koleo mkononi. Majivu. Angetandika majivu juu ya zile bodi, gololi ya kioo ingetua na kuandika mahali ilipotua bila kaboni yoyote. Jiko la shule lilikuwa ukuta mmoja na bwalo. Majivu yalikuwa yamejaa pale, ya kutupa, siku zote zile alizokuwa akihangaika na seremala. Alikaa chini kwenye kigoda akalia kwa sauti, hadi mama mkwe akaita kutoka chumbani kuuliza nani amekufa.

Hosea hakumlaumu kama alivyoalikwa kulaumu. Alimwambia tu, "Mwaka huu karatasi ya maandishi, Mwalimu," naye akasema sawa. Maabara haikuezekwa, miaka miwili ilikaa wazi, kisha ikapata bati ikawa stoo ya saruji na majembe. Eliaichi alianza kufundisha fizikia kwa imla. Aliwasomea jaribio la gololi neno kwa neno waandike: reli, ukingo, kaboni, nukta. Aliwasomea na namba pia, namba nzuri zinazojumlika sawasawa bila kupungua kitu. Wanafunzi walizikariri. Kiwango cha kufaulu kikapanda, kikapanda tena, wazazi wakarudisha watoto, na siku ya mahafali Hosea alimsimamisha mbele akapigiwa makofi. Alisimama. Akasubiri yaishe, akakaa.

Hakuna aliyemwigiza tena. Hakukuwa na cha kuigiza.

Eliaichi alimwona Mektrida mara moja tu baada ya hapo, mwaka 2003, Tarakea. Eliaichi alikuwa amekwenda Rombo kwenye mazishi ya shangazi wa Jesse, na wakati wa kurudi akapita sokoni anunue maharage, kwa kuwa mpakani yalikuwa bei nafuu. Alisikia sauti ikisema shikamoo Madamu, akageuka. Mektrida alikuwa nyuma ya matenga ya nyanya, amefunga kanga kiunoni, mtoto amelala mgongoni. Alikuwa amenenepa usoni na kukonda mikono.

"Marahaba, mwanangu. Uko huku?"

"Niko huku. Mume wangu anavusha mizigo upande wa pili, mimi nauza." Alimpa kigoda. "Kaa, Madamu. Shule hawajambo?"

"Hawajambo. Wanafaulu."

"Nimesikia."

Walizungumza habari za Filemon, ambaye miguu ilikuwa inamsumbua, na za mfongo, ambao sasa ulikuwa mkavu mwaka mzima na watu walikuwa wamepanda magimbi ndani yake.

"Madamu, kuna kitu nimetaka kukuuliza," alisema Mektrida. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama anavyouliza mtu kuhusu njia aliyokwisha kuipita. "Siku ile bwaloni uliniambia niendelee. Niendelee kufanya nini? Kupima, au kuandika kama Julius?"

Eliaichi alikuwa amejiuliza hivyohivyo miaka yote ile. Alitafuta jibu ambalo lingemfaa binti, na majibu yalikuja, mazuri, yenye heshima. Hakuyaamini hata moja.

"Sikumaanisha kitu," alisema. "Sikuwa na neno lingine."

Mektrida aliitikia kwa kichwa. "Nilidhani hivyo," alisema. Akamweka mtoto sawa mgongoni.

Mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka alisimama mbele ya matenga, akainua nyanya, akaibonyeza. "Hizi ni za leo?"

"Za leo, mama. Zimechumwa asubuhi hii, umande haujakauka."

Eliaichi alizitazama. Zilikuwa na siku kadhaa. Nyingine zilikuwa zimeanza kukunjamana karibu na kikonyo. Mama alichagua, akalipa, akaondoka, na mahali pake akaja mwingine, na nyuma yake mwingine. Eliaichi alisubiri, akidhani labda kuna nafasi ya kusema kitu kabla hajaondoka, ingawa hakujua ni kitu gani. Wateja hawakupungua. Mwishowe aliinuka, akabeba kifuko chake cha maharage, akapunga mkono. Mektrida naye akapunga, huku anahesabu chenji, na Eliaichi akaenda kutafuta gari la Himo.